Siku sufuria ya khitma ilipolala yadi

Asubuhi ya kesi niliendesha mwenyewe kwenda mahakamani. Nikaegesha ghorofa ya nne ya jengo la maegesho lililo karibu, nikalipia saa tatu, nikiamini kabla ya adhuhuri nitakuwa nimeshatoka. Ilikuwa Oktoba 2017, hapa Coventry, Uingereza, ninapoishi tangu 2006. Saa tano na nusu nilikuwa nimerudi pale pale, nimekaa kwenye kiti cha dereva, ufunguo mkononi, sijui niufanyie nini. Nilikuwa nimetoka kuambiwa kwamba nimefungiwa kuendesha kwa miezi sita, na kwamba imeshaanza. Si kesho, wala si siku kadi yangu itakapofika Swansea kwa wanaotunza rekodi za madereva. Imeanza hakimu alipofunga mdomo.

Nilimpigia mke wangu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, amelala saa mbili tu. Akaja na basi, macho mekundu, akanyoosha mkono nikampa ufunguo. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na pale alisema moja tu: "Baba watoto, sasa ni wewe na basi."

Nilifikaje huko? Kwa vitu vidogo. Huku makosa ya barabarani huhesabiwa kwa pointi, na ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu mahakama inakufungia, kwa kawaida si chini ya miezi sita. Tatu za kwanza nilizipata 2015, kamera ilininasa nikienda maili 36 kwenye barabara ya maili 30. Tatu nyingine 2016, kwenye matengenezo ya barabara kuu. Hizo sita zilikuwa zimelala kimya, hata kwenye kadi hazionekani, maana ile karatasi iliyokuwa inaambatana na leseni ilifutwa Juni 2015 na kila kitu kikahamia kwenye kompyuta. Halafu Machi 2017 wakapandisha adhabu ya kushika simu ukiwa unaendesha, kutoka pointi tatu hadi sita. Mimi nilikuwa nasambaza vifurushi. Agosti mwaka huo nimesimama kwenye taa nyekundu, gari haliendi hata inchi moja, nimeshika simu kuangalia namba ya nyumba, askari wa pikipiki akagonga kioo. Kusimama kwenye taa hakukutoi kwenye uendeshaji. Sita na sita, kumi na mbili.

Mahakamani nilijaribu kujitetea mwenyewe. Sheria inatoa mlango mmoja: ukithibitisha kwamba kufungiwa kutaleta ugumu wa kupita kiasi, mahakimu wanaweza kukuachia au kupunguza muda. Nikaapa kwa Msahafu, nikasema nitapoteza kazi. Wale mahakimu walikuwa watatu, raia wa kawaida wanaojitolea, na pembeni yao mwanasheria wa kuwashauri. Mama aliyekaa katikati akaniuliza kwa upole, zaidi ya kazi, nani mwingine ataumia? Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Kupoteza kazi peke yake mara nyingi hakutoshi, wanataka kujua kuhusu mzazi mgonjwa unayempeleka kliniki, mtoto mlemavu, wafanyakazi uliowaajiri. Nilikuwa na maneno mengi, ila hayo sikuwa nayo.

Hapo ndipo wakaanza kuja washauri. Kila Mswahili aliyeko ughaibuni anawajua watu hawa, wanakaa kwenye kochi lako wanakunywa chai yako na wana jibu la kila kitu. Mmoja, mtu mzima kabisa ninayemheshimu, akaniambia: "Wewe si una leseni ya Bongo? Waliyoifungia ni ya kwao. Ya Bongo hawaigusi." Nilikuwa nayo kweli, niliihuisha nilipokwenda Tanga 2016. Nikaitoa kabatini, nikaitazama. Picha yangu, jina langu, madaraja yote yapo. Moyo ukatulia kidogo.

Naomba hili nilieleze taratibu, maana tangu yanikute nimesikia watu wengi wanaamini kama nilivyoamini. Mahakama haikuifungia kadi. Ilinifungia mimi. Marufuku inamkaa mtu, na mtu huyo akishika usukani kwenye barabara ya umma, awe na leseni ya Tanzania, ya Kenya, ya Oman au ya mwezini, anaendesha akiwa amefungiwa. Tena hata bila marufuku leseni ile isingenifaa: mgeni kutoka nchi kama Tanzania anaruhusiwa kutumia ya kwao mwaka mmoja tu tangu aanze kuishi hapa, na mimi nilikuwa nimeshapita kumi.

Mara ya kwanza kuvunja amri ilikuwa Januari 2018, usiku, na wala sikuona kama nimeendesha. Jirani alikuwa anahama, lori la mizigo linataka nafasi, mke wangu yuko kazini. Nikatoa ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, nikalisogeza gari upande wa pili wa mtaa. Mita thelathini hivi. Mara ya pili nilikwenda duka la Wahindi kununua unga, mvua ilikuwa inanyesha. Hiyo nayo ilipita salama, na nadhani ndiyo iliyoniponza, maana niliporudi niliutundika ufunguo msumarini kama mtu aliyetoka msikitini, dhamiri safi kabisa.

Ya tatu ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa Machi, wiki ile theluji kubwa iliyotoka mashariki ilipoifunika Uingereza yote. Jumuiya yetu ilikuwa na khitma ya mzee aliyefariki Tanga, na mimi nilipewa jukumu la kwenda kuchukua sufuria. Si sufuria ya nyumbani. Ni ile ya pilau ya watu sitini, ya alumini nzito, mikono miwili, ukiigonga inalia kama kengele. Ilikuwa nyumbani kwa mama mmoja maili mbili kutoka kwetu. Mabasi yalikuwa yanakuja kwa kubahatisha, na jamani, mtu anapandaje basi na sufuria ile? Nilikuwa na siku arobaini na kitu tu kumaliza adhabu yangu.

Nimeshaipakia nyuma ya gari, narudi, nyuma yangu zikawaka taa za buluu. Kosa lilikuwa taa ya mbele ya kushoto, imekufa. Askari wawili, kijana na mwanamke wa makamo. Yule mwanamke akainama dirishani, akaniambia habari ya taa, wala hakuwa na shari. Nilidhani nitaambiwa tu nikatengeneze. Halafu akaniuliza jina na tarehe ya kuzaliwa.

Zilipita sekunde mbili ambazo bado nazikumbuka vizuri kuliko kesi yenyewe. Ndugu yangu tunafanana, ana leseni safi, tarehe yake ya kuzaliwa naijua kama yangu. Ilifika ncha ya ulimi. Pia ilifika ile nyingine ya nyumbani, "afande, tuyamalize hapa hapa", ikaja kwa Kiswahili na ikafia kwa Kiswahili. Nikataja jina langu. Sikujua wakati ule nimekwepa shimo gani. Kumtaja mtu mwingine ni kosa la kupotosha haki, na ukomo wake kisheria ni kifungo cha maisha. Hawakupi maisha kwa ajili ya taa ya gari, lakini jela wanakupa. Chris Huhne alikuwa waziri wa nishati wa nchi hii. Mkewe alikubali kubeba pointi zake za mwendo kasi za mwaka 2003, na miaka kumi baadaye, Machi 2013, wote wawili wakahukumiwa miezi minane. Waziri! Kwa pointi tatu.

Redio ikajibu. Yule mama akabadilika sauti, si kwa hasira, ni kama mtu aliyefunga daftari moja akafungua jingine. Akaniuliza kama najua nimefungiwa. Nikatoa leseni ya Bongo. Aliipokea kwa heshima, akaigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. Kisha akaniambia nimekamatwa. Alipofungua buti kukagua gari kabla halijavutwa, akaiona sufuria. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia pilau. Akaniuliza ya watu wangapi. Nikamwambia sitini. Kijana akacheka, mwenzake akamtazama akanyamaza.

Ikumbukwe kwamba kule ukumbini vitunguu vilikuwa vimeshakatwa, nyama imeshaoshwa, na simu yangu wameshaichukua. Wanawake walisubiri sufuria mpaka saa tisa. Wakaishia kupikia kwenye sufuria nne ndogo, na pilau, kwa taarifa niliyopewa baadaye bila huruma, lilishika chini. Kwa hiyo kabla hakimu hajanihukumu, mtaa mzima wa Waswahili ulikuwa umeshanihukumu.

Kituoni walinivua mkanda na kamba za viatu, wakachukua alama za vidole, wakapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu. Sajini wa zamu akaniuliza lugha yangu. Kiingereza naongea, lakini nilikuwa na baridi na aibu, nikasema Kiswahili. Akapiga namba, akaweka sauti wazi, na ghafla chumba kile cha vigae vyeupe kikajaa sauti ya dada wa Kikenya. "Habari yako ndugu. Umeshikwa kwa kosa la kuendesha gari ukiwa..." akasita. Neno lenyewe la Kiingereza, "disqualified", ni gumu, ndani yake kuna kukosa sifa, kuondolewa, kukatazwa. "Ukiwa... hujahitimu."

Nikadhani naambiwa sikumaliza shule. Nikamjibu, "Dada, nimehitimu miaka mingi." Pale London au sijui alikuwa wapi, nikamsikia anavuta pumzi. Akasema: "Sikiza. Korti ilikukataza, na wewe ukaendesha." Basi. Nimesoma baadaye maelezo ya sheria ile, kifungu cha 103 cha Sheria ya Barabara ya 1988, na sijaona mtu aliyekifafanua vizuri kuliko yule dada. Mimi nilikuwa naliona jambo langu kama la leseni, kama mtu aliyesahau kitambulisho nyumbani. Wao walikuwa wanaona mtu aliyeambiwa usifanye, ana kwa ana, na mahakama, akaenda akafanya.

Wakili wa zamu, ambaye kituoni ni bure kwa kila mtu, alikuwa kijana mwenye haraka. Nikamweleza habari ya leseni ya Bongo, kwamba niliamini, kwamba niliambiwa na mtu mzima. Akaniandikia mistari miwili kwenye karatasi. Je, ulikuwa umefungiwa? Je, uliendesha? "Mahakama inauliza haya tu," akasema. "Kudhani hakumo." Kisha akaniuliza kama kulikuwa na dharura, labda mgonjwa, labda mtoto. Nilijua anachonipa. Nikamwambia ilikuwa sufuria.

Lakini lililomshughulisha zaidi lilikuwa bima, na hapo ndipo jasho lilinitoka. Gari lilikuwa la mke wangu na bima ilikuwa yake. Mimi nilikuwa nimeandikwa kama dereva wa pili, lakini aliyefungiwa hana bima, hata jina lake liwe limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Kwa hiyo nilikuwa na kosa la pili, kuendesha bila bima. Na sheria haimwangalii dereva peke yake: mwenye gari akimruhusu mtu asiye na bima kuliendesha, naye ana kosa, na pointi zake ni sita hadi nane. Mke wangu aliyekuwa analala saa tatu kwa siku, anayehitaji gari kufika kwa wazee wake alfajiri, angeweza kubebeshwa pointi kwa sababu ufunguo unakaa kwenye msumari. Nilisema kwenye mahojiano, nikarudia mara tatu, kwamba yeye alikuwa kazini na hakujua. Ilikuwa kweli. Hawakumshtaki. Ila aliitwa, akahojiwa, na mpaka leo msumari ule hauna ufunguo.

Gari lenyewe, na sufuria ndani yake, alilifuata yeye kwenye yadi lilikolazwa, mimi sikuwa na haki ya kulitoa. Pauni 150 za kuvuta, na 20 kwa kila siku ya kulaza. Aliulizwa leseni yake, bima yake, karatasi za gari. Zilikuwa siku nne, pauni 230, na ukipitisha muda waliokupa bila kulifuata wana ruhusa ya kuliuza au kulisaga. Aliporudi aliitoa sufuria, akaiweka katikati ya sebule, akaenda kulala. Niliitazama usiku kucha, ndivyo ninavyokumbuka.

Hukumu ilikuwa Aprili. Nilikiri kosa siku ya kwanza, na hilo hupunguza adhabu mpaka theluthi moja. Nawaambia watu hivi kwa sababu wapo wanaokaa na leseni yao ya Bongo mkononi wakigoma mpaka siku ya kusikilizwa, punguzo likayeyuka. Ukomo wa kosa lile England ni miezi sita jela, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Ofisa wa uangalizi alinihoji saa nzima kabla ya hapo: unaishi na nani, unakunywa, una madeni, ulifikiria nini ulipowasha gari. Swali la mwisho nilishindwa kulijibu kwa lugha zote mbili.

Nilipewa saa 120 za kazi ya jamii bila malipo. Kufungiwa upya miezi tisa, kuanzia siku ile. Kosa la bima likaandikwa kwenye rekodi bila adhabu yake ya peke yake. Pauni 85 za gharama za mashtaka, na pauni 85 nyingine zinazokwenda kwenye huduma za waathirika wa uhalifu. Hakimu, safari hii mwanamume mwenye ndevu nyeupe, aliniambia nikirudi tena mbele yao kwa kosa hili hili nije na begi langu. Sikuhitaji mkalimani.

Saa zile 120 nilizifanya Jumapili baada ya Jumapili. Tunavaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye maandishi makubwa mgongoni, kila apitaye ajue ni watu gani, tunakwangua kutu kwenye uzio wa makaburi na kupaka rangi nyeusi. Kuna Jumapili moja gari la wanajumuiya wenzangu lilipita likapunguza mwendo. Mkono ukatoka dirishani kunipungia. Nikapunga brashi.

Sasa yale ambayo hakimu hakuyasema. Kazi ya vifurushi ilikuwa imekwisha tangu Oktoba, nikahamia ghala, naendesha baiskeli kwenye baridi saa kumi alfajiri. Nilikuwa najiandaa kuomba uraia mwaka ule, na fomu ya uraia inauliza kila hukumu, ya barabarani pia. Kwa kanuni za wakati ule, hukumu isiyo ya kifungo ndani ya miaka mitatu kwa kawaida ilikuwa inaangusha ombi. Nikasubiri mpaka 2021. Mwanangu wa kwanza alipata pasipoti kabla yangu. Uwanja wa ndege tulikuwa tunapanga foleni mbili.

Na adhabu ilipoisha leseni haikurudi yenyewe. Ukifungiwa siku 56 au zaidi, leseni yako inakufa, lazima uombe nyingine. Kuna wanaohesabu siku kwenye kalenda, siku ikifika wanawasha gari bila kuomba, nao wanakamatwa kwa kosa jingine. Mimi nilituma fomu mapema. Kadi ilipokuja nikapiga simu za bima, na huko ndiko nilikojua bei halisi ya sufuria. Bima iliyokuwa pauni 640 kwa mwaka, wa kwanza aliniambia 2,300. Wa pili aliponisikia nikitaja alama ya kosa lile, inayokaa kwenye leseni miaka minne, aliniambia hawana huduma kwa mtu kama mimi, akanitakia siku njema.

Mwaka jana mwishoni mwa kiangazi simu yangu ililia nikiwa ghalani. Mpwa wangu, yuko Birmingham, anasambaza chakula. Anaongea haraka haraka. "Mjomba, wamenifungia miezi sita, sasa hivi nimetoka. Gari nimeegesha hapa karibu. Hivi mjomba, si kuna watu wanasema na leseni ya Bongo..."

"Uko wapi?"

"Nimekaa ndani ya gari."

"Toka. Funga mlango. Kaa nje, kwenye ngazi, ufunguo weka mfukoni. Nakuja."

Nilimwomba msimamizi ruhusa, nikapanda treni. Nilimkuta kwenye ngazi kweli, kofia imeshuka usoni, anakula chipsi. Akanipa ufunguo. Nikafungua gari, nikakaa, nikarekebisha kiti, nikavaa mkanda, nikaweka ufunguo, ndipo nikakumbuka kwamba bima ya gari lile haina jina langu.

"Mjomba, vipi?"

Nikashuka. Nikalipia maegesho mpaka kesho yake, pauni kumi na nane, tukaondoka kwa miguu kwenda kituo cha treni. Njiani akaniuliza kama ni kweli ile habari ya sufuria.